Panda Miti ya Matunda Bila Kupoteza Shamba la Chakula

SOMO LA KILIMO KWA WAKAAZI WA KAUNTI YA KILIFI

Mvua za masika zinapokaribia, wakulima wengi huanza kuuliza kuhusu miche ya maembe, michungwa na mipapai. Wengi wao wana shamba la ekari moja au chini ya hapo, na swali lao ni moja: nikipanda miti, mahindi nitapanda wapi? Ni swali la haki. Familia inayokula mahindi, muhogo na kunde za shamba lake haiwezi kungoja miaka minne hadi mwembe uzae.

Jibu ni kwamba si lazima uchague kimoja. Miti ya matunda na mazao ya chakula yanaweza kukaa katika shamba moja kwa miaka mingi, mradi nafasi ipimwe tangu siku ya kwanza. Zaidi ya hayo, katika miaka miwili ya mwanzo mazao ya chakula ndiyo yanayousaidia mti kuishi. Wazee wetu wa Pwani wamefanya hivyo chini ya minazi kwa muda mrefu: juu nazi, chini muhogo, kunde na mabenda. Somo hili linaeleza namna ya kufanya vivyo hivyo kwa miembe na miti mingine ya matunda.

Kwa nini miche hufa

Wakati wa hatari kwa mche mpya ni kati ya Januari na Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, jua likiwa kali na mvua zikiwa zimekatika. Mche uliopandwa peke yake mwisho wa shamba mara nyingi hauvuki kipindi hiki. Hauna kitu cha kuchuma, kwa hivyo hakuna anayeutembelea. Magugu huufunika, mbuzi huula, mchwa hushambulia shina, na mwenyewe hugundua ukiwa umeshakauka.

Mche ulio karibu na tuta la mboga hali yake ni tofauti. Mama anayekwenda kuchuma mchicha au kunde jioni huuona mche akipita. Akimwagia mboga maji, nao hupata. Palizi ya mboga huondoa magugu ya mche pia, na majani yenye wadudu huonekana mapema. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuchanganya miti na mazao: mboga humleta mkulima karibu na mti wakati mti wenyewe bado haujaanza kumlisha.

Hesabu ya nafasi

Chukua mfano wa shamba la nusu ekari. Hilo ni kama mraba wa mita 45 kwa mita 45, yaani mita za mraba 2,025. Mwembe wa kuunganishwa huhitaji nafasi ya mita 8 hadi 10 kutoka mti hadi mti. Tukitumia mita 10 na kuanza mita 5 kutoka mpakani, shamba hili litachukua safu nne za miti minne, yaani miembe 16.

Kila mti uachiwe duara lake ambalo halipandwi kitu. Duara hilo hukua pamoja na mti:

- Mwaka wa 1: acha mita 1 kutoka shinani kila upande. Miti yote 16 itachukua kama mita za mraba 50, chini ya sehemu 3 kwa 100 za shamba.
- Mwaka wa 3: acha mita 2. Miti itachukua kama mita za mraba 200, yaani sehemu 10 kwa 100.
- Mwaka wa 5 au wa 6: acha mita 3. Miti itachukua kama mita za mraba 450, yaani sehemu 22 kwa 100.

Kwa hivyo katika mwaka wa kwanza karibu shamba lote bado ni la mahindi na kunde. Hata mwembe unapoanza kuzaa vizuri, zaidi ya robo tatu ya shamba bado yaweza kulimwa. Hasara huja pale mkulima anapopanda miembe kwa mita 4 au 5 kwa sababu miche ni midogo na nafasi inaonekana ni kubwa mno. Baada ya miaka michache matawi hukutana, jua halifiki chini, mahindi hudhoofika, na miti yenyewe huzaa kidogo kwa sababu inagombania mwanga. Mwishowe mtu hulazimika kukata mti aliouhudumia miaka sita.

Pima kwa kamba yenye fundo kila mita 10, kisha simika vijiti kabla ya kuchimba shimo lolote.

Hesabu ya maji

Nafasi ikishajulikana, hesabu maji kabla ya kununua miche. Katika kiangazi, mche mchanga huhitaji kama lita 20 kwa wiki, yaani mtungi mmoja, na ni bora uugawe mara mbili. Miche 16 ni mitungi 16 kila wiki. Jiulize maji hayo yatatoka wapi mwezi wa Februari, nani atayabeba, na kama unanunua maji yatagharimu kiasi gani.

Ikiwa uwezo wako ni mitungi sita, panda miche sita. Mwaka ujao, hiyo ikiwa imeshika, ongeza mingine katika nafasi ulizokwisha kupima. Wakaazi wa sehemu kavu kama Ganze na upande wa bara wa Magarini wazingatie jambo hili zaidi ya wale wa ukanda wa bahari, ambako mvua ni nyingi zaidi. Miche sita iliyo hai ni mali, lakini miche kumi na sita iliyokauka ni pesa zilizopotea.

Njia mbili hupunguza maji yanayohitajika. Ya kwanza ni kufunika udongo ndani ya duara kwa nyasi kavu, mabua ya mahindi au makuti yaliyochakaa. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya nyasi na shina, ili mchwa na uozo visifike kwenye gome. Ya pili ni chupa ya plastiki ya lita moja au mbili yenye tundu dogo chini, inayowekwa kando ya mche na kujazwa maji yadondoke polepole.

Kuchimba shimo na kupanda

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, lenye kina cha sentimita 60, yaani kama futi mbili kila upande. Weka udongo wa juu, ule mweusi, upande mmoja, na udongo wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa, kisha urudishe shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuvuta mchwa. Fanya kazi hii wiki chache kabla ya mvua ili udongo utulie.

Panda mvua ikishalowesha udongo hadi chini, si siku ya mvua ya kwanza. Ondoa karatasi ya kitalu bila kuvunja bonge la udongo. Panda mche ukiwa usawa uleule uliokuwa kitaluni. Kama ni mche wa kuunganishwa, kile kiungo kinachoonekana shinani lazima kibaki juu ya udongo. Kikifukiwa, shina linaweza kuoza, hasa kwa michungwa na milimau. Matawi yanayochipuka chini ya kiungo yaondolewe kila yanapotokea, kwa kuwa hayo ni ya mti wa kienyeji wala si ya aina uliyonunua.

Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka mche ili maji yasikimbie. Weka kivuli chepesi cha makuti upande wa jua la mchana kwa miezi ya kwanza, na uzungushie miiba kama kuna mbuzi. Mbuzi mmoja akiingia asubuhi moja anaweza kuharibu kazi ya mwaka.

Kipi kipandwe karibu, kipi mbali

Si kila zao ni jirani mwema wa mche.

Karibu na duara panda mazao mafupi yanayokomaa upesi: kunde, pojo na njugu. Mazao haya ya jamii ya mikunde yana vinundu kwenye mizizi, na ndani yake kuna bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuifanya chakula cha mmea. Ukivuna, usiyang'oe yote na kuyachoma. Kata mashina, acha mizizi ardhini, na majani uyatumie kufunika duara la mti. Mchicha, mnavu na mabenda pia yanafaa, ila yanakula rutuba, kwa hivyo yaongezewe samadi yake.

Mahindi na mtama yakae angalau mita moja nje ya duara. Mahindi ni marefu na huota haraka. Yakibanana na mche mdogo, huunyima jua na maji katika miezi ile ile inayouhitaji kujijenga.

Muhogo uwe mbali zaidi, angalau mita mbili nje ya duara. Unapong'oa muhogo unang'oa pia mizizi ya mti iliyopita hapo. Viazi vitamu navyo vina shida hiyo, kwa sababu jembe huchimba tuta zima wakati wa kuvuna.

Maboga na mimea mingine inayotambaa ipandwe pembeni ya shamba. Mboga za maboga ni chakula kizuri, lakini mkulima akikaa wiki mbili bila kutazama, zitaukwea mche na kuufunika.

Mipapai na migomba wakati wa kungoja

Mwembe wa kuunganishwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Uliooteshwa kwa kokwa huchukua muda mrefu zaidi, miaka sita au zaidi. Wakati huo wote familia inaweza kula na kuuza matunda mengine kutoka shamba hilo hilo.

Mpapai huanza kuvunwa kati ya miezi tisa na mwaka mmoja baada ya kupandwa. Upande katikati ya miembe miwili, mita 5 kutoka kila mmoja. Miaka mitatu au minne baadaye, mpapai ukiwa umezeeka na umekuwa mrefu mno kuvunwa, ndipo mwembe utahitaji nafasi ile. Utaukata bila hasara.

Mipapai ya kienyeji ina dume na jike, na huwezi kuitofautisha kabla ya kutoa maua. Kwa hivyo panda miche mitatu katika shimo moja. Ikichanua, dume hutoa maua madogo mengi yaning'iniayo kwenye vikonyo virefu, na jike hutoa maua makubwa yaliyo karibu na shina. Bakisha jike moja kila shimo, na dume mmoja kwa kila majike kumi hivi. Mpapai hauvumilii maji yaliyotuama, kwa hivyo penye udongo mzito uupande juu ya kichuguu kidogo cha udongo.

Mgomba unapenda maji mengi. Usiuweke katikati ya shamba kavu. Mahali pake ni pale maji ya bafu au ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Chimba shimo pana, lijaze takataka za jikoni zinazooza, majani na samadi, kisha panda mgomba. Kila shina libakishwe na vizazi vitatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Chipukizi nyingine zing'olewe au zipandwe kwingine. Maji hayo machafu yasitumiwe kwa mboga zinazoliwa mbichi.

Mti ukishakua

Kuanzia mwaka wa tano, kivuli huongezeka. Punguza mahindi karibu na miti na uyaache katikati ya safu, mahali penye jua. Sehemu yenye kivuli kiasi unaweza kuipa mananasi, tangawizi, manjano au majimbi kulingana na unyevu wa udongo wako.

Kila mwaka baada ya kuvuna maembe, kata matawi makavu, yanayogusa chini na yanayosongamana katikati. Mti uliopogolewa hupitisha mwanga kwa mazao ya chini, na matunda yake ni rahisi kuchuma. Usilime kwa kina chini ya matawi, kwa kuwa mizizi mingi inayotafuta chakula iko karibu na uso wa ardhi.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa wanaomwagilia mboga chini ya miembe mikubwa. Mwembe huhitaji kipindi cha ukavu kabla ya kutoa maua. Ukimwagiliwa sana wakati huo, waweza kutoa majani mapya badala ya maua. Sogeza tuta la mboga mbali na miti inayokaribia kuchanua.

Nzi wa matunda na dawa

Nzi wa matunda aitwaye kitaalamu Bactrocera dorsalis alionekana nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo amekuwa adui mkubwa wa maembe. Hutaga mayai ndani ya tunda, funza hula nyama ya tunda, na tunda huanguka. Nzi huyu hashambulii maembe pekee. Huingia pia katika mapera, mapapai, machungwa na matunda mengine. Hii ina maana kwamba shamba lenye miti mchanganyiko linaweza kumpa nzi chakula mwaka mzima, kama mwenyewe hasafishi.

Okota matunda yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki na uyafukie kwa kina cha futi mbili. Usiyatupe kwenye jaa la mboji wala kuyaacha chini ya mti, kwa maana funza hutoka kwenye tunda, huingia udongoni na kugeuka nzi wapya. Zungumza na jirani afanye vivyo hivyo. Nzi huruka, na usafi wa shamba moja pekee hautoshi.

Kuhusu dawa, shamba la mchanganyiko lina hatari ambayo wengi hawaifikirii. Ukinyunyizia mwembe dawa, matone huangukia mchicha na kunde zilizo chini yake. Kibandiko cha dawa hueleza siku za kungoja kabla ya kuvuna, lakini siku hizo zimepangwa kwa zao lililotajwa kwenye kibandiko. Dawa iliyoidhinishwa kwa maembe haimaanishi kwamba ni salama kwa mboga ya majani ambayo mtoto ataila kesho. Vuna mboga kwanza kabla ya kunyunyiza, au usipande mboga za majani chini ya miti unayoinyunyizia. Nunua dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu (PCPB) pekee, na usikubali kuuziwa dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na kibandiko.

Kabla ya kununua mche

Nunua kutoka kitalu kilichosajiliwa, na uulize aina ya mti kwa jina. Hapa kwetu aina za maembe zinazojulikana ni Ngowe, Apple na Boribo. Angalia mambo haya:

- Kiungo kimeshikana vizuri na hakina ufa.
- Majani ni ya kijani na hayana madoa wala wadudu wadogo upande wa chini.
- Mizizi haijatoboa karatasi na kuingia ardhini.
- Shina limenyooka na lina unene wa penseli au zaidi.

Mche wa bei rahisi usiojulikana ulikotoka utakuonyesha sura yake baada ya miaka minne, na wakati huo hakuna wa kumrudishia.

Kalenda ya kazi

Januari hadi Machi: mwagilia miche ya mwaka uliopita, chimba mashimo mapya, kusanya samadi. Maembe yakimalizika, pogoa miti.

Aprili hadi Juni: panda miche mvua ikishashika. Panda mahindi, kunde na pojo kati ya safu. Palilia mapema.

Julai hadi Septemba: vuna, kisha tumia mabua na majani kufunika maduara ya miti. Kagua maua ya miembe.

Oktoba hadi Desemba: mvua za vuli zikinyesha, panda kunde, pojo na mboga. Ziba mapengo ya miche iliyokufa, ikiwa una maji ya kuivusha kaskazi. Anza kuokota matunda yaliyoanguka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa familia ya watu sita hizo ni zaidi ya kilo mbili kila siku, na si wengi wetu wanaoweza kuzinunua sokoni. Shamba lenye kunde chini, papai katikati na embe juu laweza kutoa sehemu kubwa ya hizo.

Wiki hii, chukua kamba upime shamba lako, kisha uhesabu mitungi ya maji unayoweza kumudu mwezi wa Februari. Ukishajua hesabu hizo mbili, nenda na karatasi yako kwa afisa wa ugani wa kilimo katika wadi yako. Atakusaidia kuchagua miti inayofaa udongo wako na mahali pa kuweka kila mmoja.